Mwethya wa Mzee Kaloki

Kila siku ya shule, ilipofika saa saba kasoro dakika tano, darasa letu la Gredi ya Sita lilikuwa halisikii tena lolote la mwalimu. Pua zote zilikuwa jikoni. Harufu ya isyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemka pamoja tangu asubuhi, ilipenya madirishani na kukaa nasi kwenye madawati. Kengele ilipolia tulitoka mbio na sahani mikononi, ingawa kila mmoja wetu alijua kwamba mbio hizo hazingemsaidia kitu. Mlangoni mwa jikoni alisimama Mzee Kaloki, mpishi wetu, na Mzee Kaloki hakuwa mtu wa kuharakishwa.

"Mikono," alisema.

Tukanyoosha mikono.

"Geuza. Kucha."

Mwenye kucha chafu alirudishwa kwenye mfereji, hata kama alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Kisha Mzee Kaloki aliinama kidogo na kuuliza kwa sauti ya chini, "Asubuhi umekula nini?" Alimwuliza kila mtu, mtoto wa mwenye duka na mtoto wa asiye na kitu, ili asiaibike yeyote. Aliyejibu kwamba amekunywa chai kavu aliongezewa kijiko kikubwa bila maneno. Kwa miaka kumi na tisa alipika hivyo katika shule yetu, upande huu wa Mitaboni, na hata mama yangu alipakuliwa naye alipokuwa darasa la nane.

Jina langu ni Kalunde. Afadhali niwaambie mapema, kabla hamjasikia kwa wengine, kwamba napenda sana kuwa mbele. Mwalimu akiuliza swali, mkono wangu uko juu kabla hajalimaliza. Wakati mwingine mkono uko juu na jibu sina. Tabia hiyo ndiyo iliyonitia katika mambo nitakayowasimulia.

Mwaka huo Mzee Kaloki alianza kusumbuliwa na kifua kuanzia mwezi wa pili. Aliendelea kupika huku akikohoa, akigeuza uso kando ya sufuria kila mara, hadi muhula wa pili ulipokwisha. Katika likizo ya Agosti akafariki. Tulimzika kwenye shamba lake lililo mteremkoni, shule nzima ikiwa na sare, na mimi nililia mpaka kola ya shati ikalowa. Tuliporudi muhula wa tatu tulimkuta mpishi mwingine, mtu mzuri tu, lakini hakuuliza mtu amekula nini asubuhi.

Mzee Kaloki aliacha mke na watoto watatu. Mkubwa wao, Nzilani, alikuwa darasani kwetu na tulikaa dawati moja. Alikuwa msichana wa maneno machache, na baada ya msiba maneno yalipungua zaidi.

Mwanzoni mwa Oktoba, Mwalimu Mutua, mwalimu wetu wa darasa, alisimama mbele yetu. "Shule inataka kumkumbuka Mzee Kaloki," alisema. "Nataka nyinyi wanafunzi mseme tutamkumbuka vipi. Chagueni kamati."

Kamati ikachaguliwa. Mwenyekiti akawa mimi, kwa sababu nilijipendekeza mwenyewe na hakuna aliyekuwa na nguvu za kubishana nami. Katibu akawa Yasser, ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi pale sokoni, mvulana mwenye mzaha mwingi na mwandiko mbaya. Katika mkutano wa kwanza nilieleza mpango wangu. Tungechonga jiwe kubwa lenye jina la Mzee Kaloki na kulisimamisha mlangoni mwa jikoni. Wazazi wote wangealikwa. Mimi ningesimama karibu na jiwe na kukariri shairi refu nililolitunga mwenyewe.

"Refu kiasi gani?" Yasser aliuliza.

"Beti kumi na nane."

"Basi tuandae na viti vya kulalia."

Mwalimu Mutua hakucheka. Alisema tu kwamba kabla ya kuchonga lolote, adabu ni kwenda kumwambia mwenye msiba. Kwa hiyo Ijumaa jioni mimi na Yasser tulipanda njia ya kwenda kwa akina Nzilani. Nzilani alikuwa hajafika shuleni siku tatu, nami nilidhani ana homa.

Tuliwakuta shambani, yeye na mama yake, wakichimba. Shamba lao limelala mgongoni mwa kilima, na siku zote nilikuwa nimeliona likiwa limepambwa na matuta yaliyopangika vizuri kama ngazi. Sasa niliona kile ambacho machozi ya siku ya mazishi hayakuniruhusu kukiona: matuta yalikuwa yamebomoka. Mifereji mirefu ilikuwa imechimbika kutoka juu hadi bondeni, na mahali pengine mawe yalitokeza wazi, udongo wote ukiwa umekwenda. Mama Nzilani alikuwa na sururu na Nzilani alikuwa na beleshi. Walikuwa wamechimba mtaro ambao urefu wake ningeumaliza kwa hatua tatu.

Nilieleza habari za jiwe. Mama Nzilani alifuta mikono kwenye leso na kusikiliza mpaka mwisho.

"Asanteni, watoto wangu," alisema. "Ni jambo zuri. Lakini siku hiyo sisi hatutakuwa hapa."

"Mnaenda wapi, Mama?" Yasser aliuliza.

"Kwa ndugu yangu, kule Konza. Anachunga ng'ombe katika ranchi, amesema kuna chumba." Alionyesha mteremko kwa kidevu. "Mume wangu alikuwa anachimba mitaro hii kila mwaka kabla ya mvua. Mwaka huu kifua kilimkatalia. Mvua ya mwezi wa nne ikabomoa matuta, ikachukua udongo na mbegu. Sasa ile mvua kubwa ya vuli ikikuta shamba liko hivi, hatutavuna hata gunzi. Sisi wawili tumejaribu, lakini unaona tumefika wapi. Mwezi huu ukiisha, tutahama."

Nilimtazama Nzilani. Alikuwa akichokonoa udongo uliokauka kwenye beleshi.

"Na shule?" nikamwuliza.

"Huko shule iko mbali," alisema. "Na wale wadogo watahitaji mtu wa kukaa nao mama akienda kutafuta kibarua."

Nilielewa. Mtoto wa Mzee Kaloki, aliyetulisha sote, angeacha shule. Tuliteremka kilima bila Yasser kufanya mzaha hata mmoja.

Nyumbani nilimkuta Susu, nyanya yangu, akichambua ndengu kwenye ungo. Nilimweleza kila kitu, nikianza na jiwe. Nilitumaini angelisifu.

"Hilo jiwe," aliuliza, "linaoteshwa wapi?"

"Halioteshwi, Susu. Ni la kumkumbuka."

"Na mjane atakula nini akishalitazama?"

Susu aliweka ungo chini na kunisimulia jinsi babu yangu alivyofariki akimwacha na watoto watano na shamba nusu limechimbwa. Siku ya nne baada ya matanga, watu zaidi ya arobaini walifika alfajiri, kila mmoja na jembe lake, wakiimba. Walichimba mitaro yote kwa siku mbili. Hawakulipwa. Walikunywa uji, wakaenda zao, na mwaka uliofuata yeye Susu akabeba jembe lake kwenda kumchimbia mwingine. Huo ndio mwethya.

"Mbona kwa Mzee Kaloki haukuitwa?" nikauliza.

"Kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameuita," Susu akasema. "Siku hizi mko na simu. Mtu anatuma pole kwa simu, anaona amemaliza. Nenda mkauite nyinyi. Na mimi nitakuja, hata kama ni kukaa tu niimbe."

Jumatatu niliiambia kamati kwamba jiwe lisubiri. Sitawaficha kwamba shairi langu liliniuma rohoni. Lakini nilijiliwaza haraka, kwa sababu mwethya nao ungehitaji kiongozi. Mwalimu Mutua alifurahi sana. Aliwaandikia wazazi, akapita kanisani na msikitini kutangaza, na siku ya Alhamisi yeye na Mama Nzilani walipima mteremko kwa kamba na kusimika vijiti kuonyesha kila mtaro utapita wapi.

Jumamosi asubuhi kilima kilijaa watu. Mzee Nurudin, baba yake Yasser, alikuja na mikokoteni miwili na sururu sita za dukani kwake. Mama yangu alikuja na akina mama wa kwaya. Susu alikaa kwenye kigoda kando ya nyumba, akaanzisha wimbo, na majembe yakaupokea. Watu wazima walipewa mitaro mirefu ya chini. Sisi Gredi ya Sita tulipewa mtaro mfupi wa juu kabisa, na Gredi ya Saba wakapewa mwingine kama huo upande wa pili wa kilima.

Mwalimu Mutua alituonyesha kwa mkono wake. "Mnachimba kufuata vijiti," alisema. "Udongo mnaoutoa mnaurusha upande wa juu, upande wa mlimani. Ndiyo maana unaitwa mtaro wa fanya juu. Udongo huo unakuwa ukingo. Ukingo unazuia maji na udongo wa shamba visiteremke. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," tukajibu, na akashuka kwenda kwa wazazi.

Kuelewa ni rahisi. Kurusha udongo juu ni jambo jingine kabisa. Beleshi lililojaa linakuwa zito, mikono inatetemeka, na nusu ya ulichorusha inaporomoka na kukurudia miguuni. Kufikia saa tano tulikuwa tumemaliza theluthi tu. Mvulana mmoja wa Gredi ya Saba alipita na jerikeni la maji na kutuambia wao wamepita nusu.

"Sasa nyinyi mnalima ama mnapepeta?" akatuuliza.

Damu ilinichemka. Nilitazama mtaro wetu, nikatazama mteremko ulioshuka chini yake, na nikaona njia ya mkato.

"Rusheni chini," nikawaambia wenzangu. "Ni haraka zaidi."

Nzilani aliacha kuchimba. "Kalunde, baba alikuwa anarusha juu."

"Udongo ni udongo, Nzilani. Tukichelewa tutachekwa mpaka tumalize shule."

"Lakini Mwalimu amesema—"

"Mwenyekiti ni nani?"

Alishika tena beleshi lake. Wenzangu walishangilia, maana kila mtu alikuwa amechoka, na beleshi zikaanza kuteremsha udongo kwa furaha kubwa. Kazi ikakimbia. Wakati huo Mama Nzilani alipanda na ndoo ya uji. Aliuona mtaro. Nilimwona akiuona. Midomo yake ilifunguka kidogo, kisha akaifunga na kuanza kutugawia uji, akimwambia kila mmoja, "Asante, mtoto wangu." Nilijiambia kwamba kama kungekuwa na kosa, angesema.

Tulimaliza saa saba, nusu saa kabla ya Gredi ya Saba. Tuliimba, tukaruka, Yasser akacheza hadi kofia ikamdondoka. Mwalimu Mutua alitazama kutoka chini kabisa, akaona mstari wa udongo mwekundu, akatupungia mkono. Jioni alituambia kwamba Jumatatu angetusifu mbele ya shule nzima.

Jumapili, tulipokuwa tukila baada ya kutoka kanisani, Susu aliniuliza, "Ule udongo mlirusha juu?"

"Ndiyo, Susu," nikasema.

Ulikuwa uongo mfupi na ulitoka bila shida. Alinimegea chapati nyingine. Niliishika mkononi na sikuweza kuila. Mchana huo mawingu yalikusanyika juu ya vilima vya Iveti na manyunyu mepesi yakaanguka, ya muda mfupi tu. Yalipokatika, niliiacha chapati kwenye sahani na kwenda mbio hadi kwa akina Nzilani.

Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Udongo wetu uliolegea chini ya mtaro ulikuwa umeanza kutiririka. Vijifereji vyembamba kama vidole vilikuwa vimejichora ndani yake, vyote vikielekea kwenye mtaro ambao wazazi walikuwa wameuchimba kwa jasho. Kama manyunyu yalifanya hivyo, mvua yenyewe ingeuchukua udongo wote, ingeujaza mtaro wa chini, nao ungefurika na kuujaza unaofuata, hadi bondeni. Kazi ya watu wote ingebomoka kwa sababu ya mtaro mmoja, na mtaro wenyewe ulikuwa wangu.

Nzilani alikuwa pale peke yake, akijaribu kurudisha udongo juu kwa beleshi. Alikuwa amerudisha hatua mbili.

"Kwa nini hukumwambia Mwalimu?" nikamwuliza.

"Mama alinikataza." Hakuacha kurusha. "Alisema mtu amekuja kukulimia bure, humkosoi. Ukimkosoa, siku nyingine hatakuja mtu. Hata Susu yako angesema hivyo. Wanaoitwa kwenye mwethya ni wageni."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua. Jana usiku amepanga nguo zetu kwenye gunia." Ndipo aliponitazama. "Na mimi nilikuambia, Kalunde. Wewe ndiye ulikataa."

Niliona aibu iliyonifanya nitamani kujificha ndani ya mtaro wenyewe. Nilishika beleshi jingine na tukarusha pamoja hadi jua lilipokaribia kuzama. Tulifikisha hatua saba. Mtaro ulikuwa na hatua sitini.

Jumatatu, gwarideni, Mwalimu Mutua alituita mbele. Shule nzima, wanafunzi mia tatu, walikuwa wamesimama kwa mistari. Alianza kusema jinsi Gredi ya Sita ilivyochapa kazi chini ya mwenyekiti wao. Hiyo ndiyo ilikuwa siku niliyoiota maisha yangu yote. Makofi yalikuwa yameshaanza.

"Mwalimu," nikasema, "mtaro wetu haufai."

Makofi yakafa kidogokidogo, kuanzia mbele hadi nyuma.

"Tulirusha udongo chini," nikaendelea, na sauti yangu ilikuwa nyembamba hata mimi niliishangaa. "Mvua ikija itaharibu mitaro yote. Nzilani alinionya, nikamkatalia kwa sababu nilitaka tuwe wa kwanza. Kosa ni langu."

Nilitazama viatu vyangu. Kisha nikasikia mtu akikohoa karibu yangu. Alikuwa Yasser.

"Mimi pia nilirusha, Mwalimu," alisema. "Tena nilirusha nikiimba."

Watu wakacheka, na mmoja baada ya mwingine wenzetu wakainua mikono: hata mimi, hata mimi. Nilitarajia Mwalimu Mutua atatukaripia. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mvua itakuja lini?" akauliza.

"Susu yangu anasema wiki hii," nikajibu.

"Basi leo saa tisa na nusu, aliye na ruhusa ya nyumbani aje na beleshi. Tuna siku tatu, tukibahatika."

Saa saba, wakati wa chakula, nilikwenda mbio nyumbani kumwomba Susu msamaha kwa uongo wangu. Alisema alijua tangu jana. "Hujawahi kuacha chapati tangu uzaliwe," aliniambia, na akaniuliza kigoda chake nani atambebea.

Saa kumi kasorobo tulikuwa kilimani. Kabla ya kuanza, nilimwendea Mama Nzilani pale alipokuwa ameketi mlangoni. Nilikuwa nimefikiria maneno njia nzima, na yote yakanipotea isipokuwa machache.

"Mama, tumekuja kurekebisha," nikasema. "Safari hii ukiona kosa tuambie. Sisi si wageni hapa. Tumekula chakula cha Mzee Kaloki kila siku."

Aliinuka, akajifunga leso kiunoni, na kupanda nasi hadi juu.

Na hapo ndipo tulipomjua Mama Nzilani. Hakuacha hata shubiri moja ipite. "Hapa pako laini, shindilia. Wewe mrefu, rusha juu zaidi, usinibembelezee udongo. Ukingo huu umepinda, toa, anza tena." Yasser alinong'ona kwamba Mzee Kaloki na kucha zake alikuwa mpole kumbe. Tulitoka jasho mpaka machoni. Kazi ya kwanza ilikuwa kuzoa udongo wote tulioutupa chini, ya pili kuupandisha mara mbili ya urefu ule wa mwanzo. Viganja vilitoka malengelenge. Siku ya pili Gredi ya Saba, waliokuwa wametucheka asubuhi nzima, walitokea na mabeleshi yao bila kuitwa, na yule mvulana wa jerikeni akachimba kando yangu bila kusema neno la kejeli. Siku ya tatu Nzilani alipanda majani ya kulishia ng'ombe juu ya ukingo ili mizizi yake iushike. Tulimaliza jua likiwa bado juu. Hakuna aliyecheza. Tulikaa chini tu tukiutazama.

Mvua ilikuja Alhamisi saa nne, katikati ya somo la Hesabu. Ilipiga mabati hadi Mwalimu Mutua akaacha kufundisha na kusimama dirishani. Ilinyesha saa nzima na zaidi, mvua ya kweli ya Ukambani, ile inayofanya kana kwamba inalipiza miezi yote iliyokosekana. Mimi na Nzilani tulishikana mikono chini ya dawati. Ilipokatika, mwalimu alitutazama nyuso zetu, akafunga kitabu.

"Twendeni," alisema.

Tulipanda kilima tukiteleza na kuanguka, tope hadi magotini. Nilifika wa kwanza, na safari hii si kwa kutaka sifa, ni kwa hofu. Mtaro wetu ulikuwa umejaa maji. Yalikuwa yamesimama kimya, mekundu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na ukingo juu yake ulikuwa umesimama imara. Nilikimbia kutazama mtaro wa pili. Umejaa, umesimama. Wa tatu, vilevile. Katika shamba lote hapakuwa na mfereji mpya hata mmoja.

Sikumbuki nani alianza kupiga kelele. Nakumbuka Nzilani, yule wa maneno machache, akiruka kwenye tope na kupaza sauti kuliko sote, na Yasser akianguka chali na kukataa kuinuka. Gredi ya Saba walitokea upande wa pili wakiimba kwamba wao pia, wa kwao pia umeshika. Mama Nzilani alikuwa amesimama katikati ya shamba lake, leso imelowa, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Mama," Nzilani akamwuliza, "na Konza?"

"Nitampigia mjomba wako simu," alisema. "Nimwambie aje yeye huku kutusaidia kuvuna."

Mjomba alikuja kweli, mwezi wa pili, tukiwa tumeshaingia Gredi ya Saba. Mahindi yalijaa ghala, na maharagwe yalivunwa hata kabla yake. Jumamosi moja Mama Nzilani aliwaita wote waliochimba, akateleka sufuria mbili kubwa za isyo ya shamba lile. Mwalimu Mutua alitangaza hapo kwamba wazazi wamekubali: kila mwaka kabla ya mvua, shule itakwenda kwenye mwethya kwa jina la Mzee Kaloki, na mwaka huu itakuwa zamu ya mlinzi wetu wa zamani, ambaye mgongo umemshinda. Kisha akamwomba Mama Nzilani aseme neno kwa wanafunzi.

Alisimama akiwa na mwiko mkononi.

"Kuna siku mlikula saa nane mkanuna," alisema. "Hamkujua kwa nini. Siku hiyo mume wangu aliona maharagwe hayajaiva sawasawa. Angeweza kupakua, hakuna ambaye angejua mpaka tumbo limwume. Alirudisha sufuria motoni, akakubali mnune. Nyinyi mlipewa makofi kwa kazi mbaya, mkayakataa makofi, mkarudi kuianza upya. Hivyo ndivyo anavyokumbukwa mtu aliyefanya kazi vizuri. Kazi yako ikiwa na kosa, sema mapema wakati bado inarekebishika, na usingoje mvua ikusemee."

Alitutazama tulivyojipanga uani, wadogo mbele na wakubwa nyuma, sahani mikononi.

"Siku nilipomzika Kaloki," alisema, "nilihesabu kwamba ameniachia watoto watatu. Nilihesabu vibaya. Ameniachia mia tatu."